Transista na Vyanzo vya Mkondo kwa Amplifaya ya Kujitengenezea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hesabu zote hapa zinahusu amplifaya moja ya kawaida: wati 50 kwenye spika ya omu 8, klasi AB, saplai ya ±35 V. Mwanzoni kuna jozi ya transista mbili za PNP, inafuata transista moja ya NPN ya kukuza volti, kisha transista za kusukuma, na mwisho zile kubwa zinazolisha spika. Saplai yako ikiwa tofauti, badilisha namba; njia ya kukokotoa ni ileile.

Nianze kuchagua transista au saplai?

Saplai. Wati 50 kwenye omu 8 zinadai kilele cha volti 28.3 na mkondo wa ampea 3.5. Ongeza volti mbili hivi zinazoliwa na beisi na emita za transista za kusukuma na za mwisho, karibu volti moja kwenye rezista za emita za 0.22 Ω, na volti tatu hivi ambazo saplai inashuka inapobebeshwa mzigo. Unafika ±35 V. Transfoma ya 25-0-25 inakupa hapo: 25 × 1.414, ukitoa zinazopotea kwenye diodi.

Sasa ndipo ufungue jedwali la transista. Pato likiwa limevutwa hadi upande mmoja, transista ya upande wa pili inabeba karibu volti 70 nzima. Umeme wa ukutani ukipanda kwa asilimia 10, ni 77. Kwa hiyo kila transista inayoona reli zote mbili (njia za +35 V na −35 V za saplai) iwe na uvumilivu wa volti 100 kwenda juu, na 120 au zaidi ni bora.

Ni transista ipi iende wapi?

Jozi ya mwanzo inaona takriban nusu ya saplai tu, yaani volti 35 na kidogo. BC556B au BC556C (65 V) inatosha, na kama mkondo unapita chini yake kwenye kioo cha mkondo (transista mbili zinazolazimisha pande mbili za jozi zipitishe mkondo sawa), tumia BC546 mbili zenye rezista ya 100 Ω kwenye kila emita. Ukipata KSA992, ni tulivu zaidi na inavumilia 120 V, ila angalia miguu yake kabla ya kuchoma risasi.

Transista ya kukuza volti na chanzo cha mkondo kinachoikabili (saketi inayoshikilia mkondo uleule hata volti ikibadilika) ndizo zinazoonewa mara nyingi. Watu huona ni ndogo, wanaweka BC546 hapo, na kweli inafanya kazi kwa wiki kadhaa. Zote mbili zinaona karibu volti 70. 65 V haitoshi. Weka 2N5551 na 2N5401 (160 V na 150 V), au kama unaweza, KSC3503 na KSA1381 (300 V).

Za kusukuma: MJE15030 na MJE15031, 150 V na 8 A. Za mwisho: 2SC5200 na 2SA1943, au MJL3281A na MJL1302A. Jozi moja inatosha kwa omu 8. Kama spika ni omu 4, weka jozi mbili, kila transista na rezista yake ya emita.

Nina 2N3055 mbili nzuri. Nizitumie?

Kwa saplai hii, hapana. Ampea 15 zinazosomeka kwenye karatasi yake zinawapotosha wengi, lakini uvumilivu wake kati ya kolekta na emita ni volti 60. Kasi yake pia ni ndogo, karibu 2.5 MHz, wakati 2SC5200 iko kwenye 30 MHz. Transista za mwisho zikiwa za polepole, unalazimika kuongeza kapasita ya kutuliza mzunguko, na sauti za juu zinakosa usahihi. Ukitaka kuitumia, shuka hadi ±22 V na uridhike na wati 20 hivi.

TIP41C na TIP42C zina tatizo jingine. Volti 100 zinapita kwa shida, ila kwenye ampea 3 beta (mara ngapi transista inakuza mkondo wa beisi) inaweza kushuka hadi 15. Kilele cha ampea 3.5 kinadai basi zaidi ya mA 230 kwenye beisi. 2SC5200 yenye beta ya 50 inadai mA 70 tu.

Wati 150 kwenye karatasi zina maana gani?

Zina maana ndogo kuliko zinavyosikika. Ni wati 150 pale kasha la transista linapokuwa 25 °C, hali ambayo ndani ya amplifaya haipo. Kwa 2SC5200, toa wati 1.2 kwa kila nyuzi inayozidi hapo. Kasha likifika 80 °C, zimebaki 84.

Upande wa mahitaji: joto kubwa zaidi la wastani kwa mzigo wa omu 8 ni 2 × V² ÷ (π² × R), yaani 2 × 1225 ÷ 79, sawa na wati 31 kwa transista mbili. Omu 4 inaleta 62. Na spika halisi si rezista. Kuna nyakati inadai mkondo mkubwa huku transista ikiwa bado na volti nyingi juu yake. Hapo ndipo transista hufa ghafla kwa kupasuka kwa pili (mkondo unajikusanya sehemu moja ya silikoni na kuiunguza), hata kama wastani wa wati uko chini. Kwenye karatasi ya transista, usiishie kwenye namba ya wati. Tazama grafu ya eneo salama, kwenye mstari wa mkondo wa moja kwa moja, na uone inaruhusu ampea ngapi kwenye volti 35 na kwenye 70.

Kwa nini isiwe BD139 kwenye kukuza volti? Michoro mingi inaitumia.

Inaitumia kwa sababu inapatikana kila mahali. Uvumilivu wake ni 80 V, kwa hiyo kwa ±35 inapita kwa wembamba, na kwa ±45 haipiti. Kasoro nyingine haionekani kwa mita: uwezo wa kapasita kati ya kolekta na beisi. Uwezo huo hubadilika kadiri volti inavyopanda na kushuka, na transista hii ndiyo yenye volti inayocheza kuliko zote, hivyo badiliko hilo linageuka kuwa upotoshaji wa sauti za juu. KSC3503 ina pikofaradi 2.6 hivi. BD139 irudishe kwenye kazi inayoiweza: kudhibiti mkondo wa utulivu (ule unaopita kwenye transista za mwisho amplifaya ikiwa kimya), ambako tundu lake la skrubu linakuwa msaada mkubwa.

Nilinganishe beta za transista?

Jozi ya mwanzo, ndiyo, pamoja na kioo cha mkondo. Transista za mwisho za NPN na PNP usihangaike kuzilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Ukiwa na jozi mbili sambamba, linganisha NPN na NPN mwenzake.

Tundu la hFE (ndiyo beta) kwenye mita linapima kwa mkondo mdogo sana, na vidole vyako vinaipasha joto transista hadi namba inatembea. Njia nzuri zaidi: unganisha kolekta na beisi ya kila moja ili iwe kama diodi, lisha kila moja kupitia rezista ya 10 kΩ kutoka saplai moja ya 12 V, zibane pamoja mgongo kwa mgongo, subiri dakika mbili, kisha pima tofauti ya volti kati ya beisi mbili. Ikiwa chini ya mV 2, chukua jozi hiyo. Shika moja kwa kidole uone tofauti inavyokimbia: nyuzi moja tu ni mV 2. Ndiyo maana kwenye bodi hizi mbili nazo zinatakiwa zigusane, na tone la gundi au mpira wa kubania unatosha.

Nitajuaje kama transista za mwisho ni feki?

2SC5200, 2SA1943 na za aina ya MJ15003 huigizwa mno. Maandishi ya rangi inayofutika kwa spiriti, NPN na PNP zenye maandishi yasiyofanana, au chapa ya kiwanda kilichoacha kuitengeneza ni dalili tosha za kuzikataa. Dalili za nje hata hivyo hukosekana kwenye feki iliyotengenezwa kwa uangalifu, kwa hiyo jaribu kwa umeme: ifunge kwenye hitisinki kubwa kwa mafuta ya joto, ipe volti 30 kutoka saplai yenye kikomo cha mkondo, weka rezista ya 0.22 Ω kwenye emita, na upandishe mkondo wa beisi polepole hadi ampea 2 zipite. Ni wati 60 kwa sekunde kumi. Ya kweli itapata joto tu. Yenye kipande kidogo cha silikoni ndani itapiga shoti. Ukinunua nyingi za fungu moja, vunja moja kwa koleo uone kipande hicho chenyewe. Kikilingana na cha transista ndogo ya kasha la TO-220, rudisha zote.

Chanzo cha mkondo kinafanya nini ambacho rezista haiwezi?

Chukua hatua ya kukuza volti. Tunataka mA 6, kwa hiyo kwa rezista ni 35 V ÷ 5.8 kΩ. Amplifaya ikiwa kimya, hesabu iko sawa. Pato likipanda hadi +28 V, rezista inabakiwa na volti 7 tu, na mkondo unashuka hadi mA 1.2. Ni wakati huohuo ambapo transista za kusukuma zinadai mkondo mwingi kuliko muda wote. Kilele cha juu kinabonyea kabla ya kile cha chini, na upotoshaji unapanda.

Chanzo cha mkondo kinatoa mA 6 kwenye volti 60, na mA 6 kwenye volti 3. Faida ya pili ni kwamba kinaonekana kama rezista kubwa mno, hivyo ukuzaji wa hatua ile unaongezeka na mrejesho (sehemu ya pato inayorudishwa mwanzoni) unapata nguvu ya kusahihisha makosa.

Kwenye jozi ya mwanzo sababu ni nyingine: mgurumo. Rezista iliyotoka moja kwa moja kwenye reli inaingiza mtikisiko wote wa saplai kwenye hatua nyeti kuliko zote.

Kuna njia ya kati ya kugawa rezista mara mbili na kurudisha pato katikati kwa kapasita ya 100 µF. Inafanya kazi vizuri, imetumika miaka mingi, na si aibu kuitumia. Udhaifu wake ni kapasita kukauka kwa umri.

Ni aina gani ya chanzo cha mkondo nichague?

Kwa mtu anayejenga mara ya kwanza: transista moja, LED nyekundu, rezista moja ya emita. LED nyekundu ya kawaida ina volti 1.7 hadi 1.8 kwenye mA 2, na volti yake hushuka kwa joto karibu sawa na ile ya beisi na emita, kwa hiyo mkondo unatulia hata amplifaya ikipata joto. Bluu au nyeupe zisitumike. Volti zake 3 zinakula nafasi ya reli na haziendani na joto la transista. Jambo dogo ambalo huwachekesha watu hadi liwapate: LED pia huhisi mwanga, na taa ya mezani inaweza kuingiza mgurumo kwenye bodi iliyo wazi. Funika kasha kabla ya kuanza kutafuta kosa.

Diodi mbili za 1N4148 badala ya LED zinakubalika, ila rezista ya emita inabaki na volti 0.65 tu, na makosa madogo yanakuwa makubwa.

Transista mbili zinazodhibitiana, ambapo ya pili inasoma volti ya rezista na kuibana beisi ya kwanza, ndizo zinazozuia mtikisiko wa reli vizuri zaidi kati ya njia rahisi. Mkondo ni 0.65 V ÷ R: kwa 100 Ω ni mA 6.5, kwa 330 Ω ni karibu mA 2. Sanduku likipata joto kwa nyuzi 30, mkondo unapungua karibu asilimia 9, na hilo halina madhara. Hatari yake ni kutetema kwa masafa ya redio, hasa nyaya zikiwa ndefu. Rezista ya 1 kΩ kwenye beisi ya ile inayosoma huituliza.

Zena ina kelele. Ukiitumia, iwekee kapasita. Jefeti yenye rezista ya sosi ni rahisi kupindukia, lakini nyingi huishia volti 25 hadi 40, na kila moja ina mkondo wake hata kama zimetoka mfuko mmoja. LM317 yenye rezista (1.25 V ÷ R) ni nzuri kwa amplifaya ya klasi A inayohitaji ampea moja au mbili. Kwa mA 2 haifai: inahitaji mkondo wa chini ambao kiwanda kinautaja hadi mA 10, na kwenye masafa ya juu udhibiti wake unalegea.

Nipe hesabu kamili ya njia ya LED.

Reli ni +35 V. LED inaanzia kwenye reli, anodi juu. Kutoka katodi, rezista mbili za 6.8 kΩ zikifuatana zinakwenda graundi: (35 − 1.8) ÷ 13.6 kΩ ni karibu mA 2.4. Volti inayobaki kwenye emita ni 1.75 − 0.65, yaani 1.1. Kwa jozi ya mwanzo, mA 2: rezista ya 560 Ω. Kwa kukuza volti, mA 6: 180 Ω.

mA 2 zimetokana na nini? Kasi ya amplifaya ni mkondo huu ukigawanywa kwa kapasita ya kutuliza. Kwa pF 100 unapata volti 20 kwa kila mikrosekunde, na wimbi la 20 kHz lenye kilele cha 28.3 V linadai 3.6 tu. Nafasi ipo ya kutosha.

Na mA 6? Kilele cha ampea 3.5, beta ya mwisho 50, beta ya kusukuma 80, kinadai mA 0.9. Kwa omu 4, beta zikiwa zimeshuka hadi 35 na 60, kinadai mA 3.4. Sita zinafunika yote mawili na amplifaya inabaki ndani ya klasi A kwenye hatua hiyo.

LED moja ihudumie vyanzo vyote viwili?

Inaweza, na wengi wanafanya hivyo. Sharti ni kapasita ya 47 µF, 50 V, kwenye makutano ya zile rezista mbili za 6.8 kΩ. Hapa ndipo kosa linalorudiwa kuliko yote: watu huipeleka kapasita graundi, kwa mazoea ya kuchuja. Ipeleke kwenye reli ya +35 V, upande chanya ukitazama reli. LED imesimama juu ya reli, kwa hiyo makutano lazima yatikisike pamoja na reli ili mkondo wa LED ubaki uleule. Ukiyafunga kwenye graundi, mtikisiko wote wa reli unaanguka kwenye rezista ya juu, na mgurumo unaongezeka badala ya kupungua.

Kama amplifaya inapofikishwa mwisho wa nguvu inachelewa kurudi, chanzo cha kukuza volti kinaivuruga LED na kuharibu kile cha mwanzo. Tenganisha: LED mbili. Ni rezista moja au mbili za ziada.

Transista ya chanzo cha mkondo inachoma kidole. Kuna kosa?

Zidisha kwanza. mA 6 × 34 V ni wati 0.2. Kasha la TO-92 hupanda nyuzi 200 kwa kila wati, kwa hiyo 40 juu ya joto la sanduku. Itakuwa moto lakini itaishi. Ukiwa na mA 10 na ±45 V ni wati 0.45, nyuzi 90 za ziada. Hapo hamia kasha la TO-126 kama KSA1381, na bati dogo likihitajika. Ikiwa inachoma na hesabu inasema isingepaswa, pima volti kwenye rezista ya emita. Zaidi ya 1.1? LED imekatika au imegeuzwa.

Mosifeti ni rahisi zaidi?

Kwa sehemu. IRFP240 na IRFP9240 hazidai mkondo wa kudumu kwenye geti, ila zinahitaji volti 4 hadi 5 kufunguka kwa ampea kadhaa, hivyo pandisha saplai hadi ±40 V kwa wati zilezile. Kwenye mkondo mdogo wa utulivu bado zinakimbia na joto, kwa hiyo kidhibiti kwenye hitisinki hakiepukiki. 2SK1058 na 2SJ162 zina tabia tofauti: zaidi ya mA 100 hivi, joto likizidi mkondo unapungua, na unaweza kutumia rezista ya kawaida badala ya kidhibiti. Miguu yake ni geti, sosi, dreni, na kasha limeungwa na sosi. Si mpangilio wa IRFP.

Zote zipewe rezista ya 220 hadi 470 Ω sentimita chache tu kutoka kwenye geti, la sivyo zinatetema.

Kidhibiti cha mkondo wa utulivu kikae vipi?

BD139 iguse hitisinki karibu kabisa na transista ya mwisho, au ifungwe juu yake. Volti inayohitajika kati ya kolekta na emita yake ni karibu 2.5. Rezista ya kurekebisha iwe kati ya beisi na emita, kamwe isiwe kati ya kolekta na beisi. Sababu ni hii: mguso wake ukikatika, na siku moja utakatika, volti ya kidhibiti inashuka na amplifaya inapooza tu. Ikiwa upande wa pili, volti inapanda na transista za mwisho zinaondoka pamoja. Weka pia kapasita ya 10 µF sambamba na kidhibiti.

Nikiwasha mara ya kwanza, nifuate mpangilio gani?

1. Kabla ya umeme: pima kati ya kolekta ya kila transista ya mwisho na hitisinki. Ikisoma omu chache, maika (kihami kilicho chini ya transista) imetoboka au skrubu imegusa.
2. Weka balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na transfoma. Spika isiwepo. Zungusha rezista ya kurekebisha hadi mkondo wa chini kabisa.
3. Washa. Balbu iwake kidogo kisha ififie. Ikibaki kung'aa, zima na utafute shoti.
4. Pima rezista za emita za vyanzo: 1.1 V kwenye 560 Ω, 1.1 V kwenye 180 Ω. Usiendelee kama hazipo.
5. Pima pato. Chini ya mV 50 ni sawa.
6. Toa balbu, pandisha mkondo wa utulivu hadi usome mV 15 hadi 20 kwenye kila rezista ya 0.22 Ω. Subiri dakika 20, rekebisha tena.
7. Gusa kwa uangalifu rezista ya 10 Ω iliyo kwenye pato pamoja na kapasita ya 100 nF. Ikiwa ya moto bila muziki wowote, amplifaya inatetema, ongeza 2.2 hadi 4.7 Ω kwenye beisi za transista za mwisho na ufupishe nyaya.

Pato lina mV 150 za moja kwa moja. Nini kimekosewa?

Mara nyingi ni rezista mbili zisizolingana. Kila transista ya mwanzo ina mA 1. Ikiwa beta ni 150, beisi inavuta µA 6.7, na kwenye rezista ya 22 kΩ hiyo ni mV 147. Rezista ya mrejesho ikiwa nayo 22 kΩ, pande mbili zinafutana. Ikiwa 1 kΩ, hazifutani. Ukiweka BC556C yenye beta ya 400, tatizo linapungua zaidi ya mara mbili kabla hujagusa kingine chochote. Kama rezista zinalingana na volti bado ipo, linganisha mkondo wa kila upande wa jozi: pima volti kwenye zile 100 Ω za kioo cha mkondo. Zote zisome mV 100. Zikitofautiana sana, tuhumu kioo au transista ya kukuza volti inayovuja.

Nimebadilisha BC556 kwa 2N5401 na sasa inapiga shoti. Ilikuwa mbadala halali!

Kwa volti, ndiyo. Kwa miguu, hapana. Upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto: BC546 na BC556 ni kolekta, beisi, emita. 2N5551 na 2N5401 ni emita, beisi, kolekta. KSC1845 na KSA992 ni emita, kolekta, beisi. BD139 na MJE340, upande wa maandishi, ni emita, kolekta, beisi. MJE15030 na 2SC5200 ni beisi, kolekta, emita. Mita kwenye alama ya diodi itakuonyesha beisi kwa dakika moja, hata pale karatasi imepotea.